Tuandike historia ya Nyabugogo kabla tingatinga halijafika

MTU yeyote anayeingia Kigali kwa basi, awe ametoka Musanze, Huye, Gicumbi au Kampala, atashukia Nyabugogo. Hapo mizigo inashushwa, ndugu wanapokelewa, na mgeni wa mara ya kwanza anashikilia begi lake kwa mikono miwili. Kwa watu wengi wa nchi hii Nyabugogo ndiyo Kigali ya kwanza waliyoiona. Lakini waulize vijana wanaofanya kazi katika kituo hicho kila siku swali moja rahisi: kabla ya mabasi haya, hapa palikuwa na nini na nani alikaa hapa? Wengi watacheka tu. Wachache watakuelekeza kwa mzee fulani wa Kimisagara au Gatsata, na ukichelewa kumfikia utaambiwa alishafariki.

Naandika haya kwa sababu Nyabugogo inabadilika, na inabadilika haraka. Bonde lake limo katika orodha ya ardhi oevu tano za Kigali, pamoja na Gikondo, Kibumba, Rwampara na Rugenge-Rwintare, ambazo zimewekwa katika mradi mkubwa wa kurejeshwa katika hali yake ya asili. Mipango ya kukijenga upya kituo cha mabasi nayo imetangazwa zaidi ya mara moja. Mabanda, karakana na nyumba zilizokaa kwenye tope zimekwisha kuondolewa kwa mafungu, na nyingine zitafuata.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba mabanda yale yabaki. La hasha! Mto Nyabugogo unatoka Ziwa Muhazi na kumwaga maji yake Nyabarongo, na mvua kubwa zikinyesha juu ya milima inayozunguka bonde, maji yote yanakimbilia hapo. Kila mkazi wa Kigali anajua jinsi barabara inavyogeuka ziwa na mali za wafanyabiashara zinavyoelea. Watu wasikae mahali ambapo maji yatawaua. Ninachouliza ni kitu kingine: tunapoondoa nyumba, je, tunaandika popote kwamba nyumba hiyo ilikuwepo, ilijengwa lini, na nani aliishi ndani yake? Kwa ninavyoona, jibu ni hapana.

Ni haki kukiri kwanza kwamba Kigali si mji usiojali kabisa mambo ya kale. Nyumba ya Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyeanzisha mji huu mwaka 1907, ipo Nyarugenge na tangu Desemba 2017 ni makumbusho inayoitwa kwa jina lake. Kanisa la Sainte-Famille, lililoanza mwaka 1913, bado linasali. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ni wa mwaka huo huo wa 1913. Gereza la zamani katikati ya mji watu wanaliita kwa mwaka lilipojengwa, yaani 1930, na jina hilo limebaki hata baada ya wafungwa kuhamishiwa Mageragere. Jengo la Bunge bado lina alama za risasi na makombora ya mwaka 1994, na ndani yake kuna makumbusho ya kampeni ya kusimamisha mauaji ya kimbari. Gisozi, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023 pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero.

Hayo yote ni mema na yanastahili sifa. Hata hivyo, ukiondoa kumbukumbu za mauaji ya kimbari, tazama orodha hiyo kwa makini. Kuna nyumba ya mtawala, nyumba za ibada, gereza na Bunge. Mji haukujengwa na hao peke yao. Ulijengwa pia na wachukuzi, waashi, madereva, wauza ndizi, mafundi cherehani, akina mama wa sokoni na wapangaji wa chumba kimoja. Hao ndio watu wa Nyabugogo, na hao ndio ambao hatujawaandika.

Mfano mzuri wa historia ya namna hiyo uko kilomita chache tu kutoka Nyabugogo, kule Biryogo na Nyamirambo. Wajerumani walipokuja walifuatana na askari, wachukuzi na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanganyika, waliosema Kiswahili na ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Walipewa mahali pao pa kukaa. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916 waliendeleza utaratibu huo na kuukaza, hata mahali pale pakajulikana kama Kambi ya Waswahili, na wakazi wake wakatakiwa kuwa na kibali katika kutoka na kuingia. Kwa miaka mingi neno "Mswahili" mjini Kigali halikuwa sifa. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na watoto wanakisoma shuleni. Lakini nyumba za udongo na mabati ambamo lugha hiyo ilitunzwa wakati ikidharauliwa zinapungua kila mwaka, na hazina hata kibao.

Si hayo tu. Katika mitaa hiyo hiyo zinasimuliwa habari za familia zilizoficha watu mwaka 1994, wengine juu ya dari, wengine nyuma ya magunia. Nyumba ya namna hiyo ukiitazama kwa nje ni nyumba ya kawaida tu, yenye bati lililopata kutu. Mthamini wa mali akifika ataandika idadi ya vyumba, aina ya ukuta na bei. Hakuna safu katika fomu yake ya kuandika kwamba hapa watu saba waliokolewa, au kwamba hapa waliuawa. Nyumba ikibomolewa, na mzee aliyekuwa anaionyesha kwa kidole akifariki, habari hiyo imekwisha.

Nyabugogo yenyewe ina historia ya barabara. Nchi hii haina reli. Kila kilo ya chumvi, kila lita ya mafuta na kila bati lililotoka Mombasa au Dar es Salaam limefika kwa lori. Barabara ya kaskazini inayotoka Gatuna inashukia bondeni hapo. Mbele kidogo ni Giticyinyoni, jina lenye maana ya mti wa ndege, ambapo njia za kusini na za kaskazini-magharibi zinaachana. Kwa hiyo madereva, matingo na wabadilisha fedha wameleta Nyabugogo maneno, vyakula, nyimbo na ndoa kutoka nchi zote jirani. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, Nyabugogo iliumwa. Ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022, Nyabugogo ilipumua. Wanaoweza kueleza jinsi biashara ya mpakani inavyofanya kazi, na ilivyofanya kazi kabla ya 1990, si maprofesa. Ni watu waliokaa juu ya magunia hapo miaka 40.

Na tuseme pia lililo gumu. Aprili 1994 barabara za kutoka Kigali zilijaa vizuizi, na kila aliyejaribu kutoka mjini kuelekea Gitarama alipaswa kupita upande huu. Baada ya Kigali kukombolewa Julai 4, 1994, ni njia hizo hizo zilizotumiwa na waliorudi, wengine wakiwa hawajaiona nchi tangu 1959, wengine wakiwa wamezaliwa Uganda, Kongo, Burundi au Tanzania. Bonde moja limeona hayo yote, na hakuna kijitabu hata kimoja ambacho mwanafunzi wa Kimisagara anaweza kupewa asome habari za mtaa wake.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya wanahistoria wenye shahada. Sikubaliani nao. Mtaalamu tunamhitaji, lakini hawezi kujua nyumba zote za Muhima na Gatsata. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na mtu yeyote anayejua kusoma na kuandika, mwenye subira na adabu. Achague kiwanja kimoja tu, kisha aulize maswali manne: nani alijenga, lini, kwa kazi gani, na nani alifuata baada yake. Kiwanja kimoja kikishaeleweka, aende cha jirani.

Vyanzo vipo vingi kuliko tunavyofikiri. Kati ya mwaka 2009 na 2013 serikali iliandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 nchi nzima, kila kimoja kikapewa namba yake. Kwa hiyo kila kiwanja cha Nyabugogo kinajulikana kilipo na mipaka yake. Kinachokosekana ni maisha yaliyopita juu yake. Zipo daftari za ubatizo na ndoa za parokia. Lipo gazeti la Kinyamateka, lililoanza mwaka 1933. Zipo nyaraka na picha za utawala wa Kibelgiji zilizohifadhiwa Brussels na Tervuren. Zaidi ya yote, zipo picha za harusi na za familia zilizofichwa ndani ya masanduku ya nguo. Watu waliopigwa picha mbele ya duka walikuwa wanajipiga picha wenyewe, lakini nyuma yao duka lilionekana pia, na bango lake, na barabara ikiwa bado ya vumbi.

Mtafiti ajihadhari na jambo moja. Kumbukumbu ya mtu hupotea kwenye tarehe. Mzee atakuambia nyumba ilijengwa "zamani sana". Usimlazimishe kutaja mwaka. Muulize: ilikuwepo wakati wa njaa ya Ruzagayura? Njaa hiyo ilikuwa 1943 na 1944. Ilikuwepo Mwami Rudahigwa alipofariki? Hiyo ni Julai 1959. Bendera ya uhuru ilipopandishwa Julai 1, 1962, tayari mlikuwa mmehamia? Mapinduzi ya Julai 1973 yaliwakuta wapi? Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Septemba 1990, duka lilikuwa limefunguliwa? Kwa maswali matano ya namna hiyo mwaka unajitokeza wenyewe. Kisha nenda kwa mtu wa pili na wa tatu ukawaulize yale yale bila kuwaambia alivyosema wa kwanza. Wakipatana, andika. Wasipopatana, andika kauli zote na useme zimepishana. Kuuliza si ujinga, na kuandika kwamba watu wamepishana si aibu.

Sasa nije kwenye kikwazo kikubwa kuliko vyote, ambacho wengi hawapendi kukitaja. Katika mji huu, swali la "nani alikuwa anakaa hapa?" si swali jepesi. Linagusa mali na linagusa damu. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 1993, katika itifaki ya wakimbizi, yalipendekeza kwamba mkimbizi aliyeondoka nchini zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai mali yake iliyokwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Ulikuwa uamuzi mchungu uliotolewa kwa ajili ya amani. Halafu yakaja mauaji ya kimbari, watu wakafa, wengine wakakimbia, wengine wakarudi, na nyumba nyingi za Kigali zikabadili wakazi. Kwa hiyo ukibisha hodi na daftari mkononi ukauliza habari za nyumba, mwenyeji ana haki ya kujiuliza umetumwa na nani na unataka nini.

Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo ni bora kunyamaza. Naheshimu hofu yao, lakini kunyamaza hakuondoi hadithi. Kunaiacha isimuliwe chini kwa chini, ikiongezwa chumvi kila inapopita kwa mtu mwingine. Habari iliyoandikwa, iliyoulizwa kwa watu watatu na kusomwa tena mbele ya aliyeisema, ni salama kuliko mnong'ono. Kinachohitajika ni utaratibu. Mtafiti aanze kwa kujitambulisha kwa kiongozi wa umudugudu na kwa mwenye nyumba. Aseme waziwazi kwamba kazi yake haihusiani na hati za ardhi wala haitakuwa ushahidi wa madai. Jina la mtu lisiandikwe bila ridhaa yake. Na mwenye majeraha ya 1994 asichokonolewe. Akitaka kusema asikilizwe, asipotaka aachwe kwa heshima.

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba maendeleo hayasubiri, na kwamba vibanda vya mabati si urithi. Waliohamishwa kutoka Kiyovu cha maskini mwaka 2008 wakapelekwa Batsinda, na waliotolewa Kangondo na Kibiraro mwaka 2022 wakapelekwa Busanza. Malumbano ya fidia yaliandikwa sana magazetini. Lakini leo ukitaka kujua vijiji hivyo vya mjini viliishije, vilikuwa na vilabu gani, nani alianzisha shule ya chekechea, nani alichimba kisima, utatafuta wapi? Mji uliokuwa na wakazi elfu chache tu wakati wa uhuru ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.7 katika sensa ya 2022. Watu hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walianzia mahali, na kwa wengi mahali hapo ni vibanda tunavyovionea haya.

Tujifunze kwa jirani. Uganda ilipoteza makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi kwa moto Machi 2010. Yamejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyatoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa sababu walikuwepo mafundi waliojua kuezeka kwa nyasi kwa mila yao, na zilikuwepo picha na vipimo. Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka Desemba 25, 2020. Jumba hilo lilikuwa maarufu dunia nzima, na likaanguka mchana kweupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa jumba la sultani linaweza kuanguka huku wote tunatazama, itakuwaje nyumba ya fundi viatu wa Nyabugogo ambayo hakuna aliyewahi kuipiga picha?

Jambo la majina nalo ni la kutazamwa. Mitaa yetu imepewa herufi na namba: KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Kwa anayetafuta nyumba, au anayeendesha gari la wagonjwa, namba inasaidia sana na sina ugomvi nayo. Lakini namba haimkumbuki mtu. Wakazi wanajua hilo, ndiyo maana wanaendelea kuelekezana kwa majina yao wenyewe. Mpaka leo kituo cha Kiislamu cha Nyamirambo watu wanakiita "kwa Kadhafi", na barabara ya malori inaitwa "Poids Lourds". Kila jina la namna hiyo ni ukurasa wa historia ya mji, na gharama ya kuuandika ni kalamu tu.

Sheria tunayo. Sheria namba 28 ya mwaka 2016 inahusu kuhifadhi urithi wa utamaduni na maarifa ya asili, na tangu mwaka 2020 tuna Inteko y'Umuco, chombo kilichokabidhiwa lugha, makumbusho, nyaraka na urithi kwa pamoja. Kwa hiyo sitaki sheria mpya. Nina mapendekezo manne madogo.

Kwanza, kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, iwe ni lazima jengo lipigwe picha pande zote na ijazwe karatasi moja yenye yale maswali manne. Kazi hiyo haizidi nusu siku, na haicheleweshi mradi wowote.

Pili, umuganda wa kila mwisho wa mwezi unamalizika kwa mkutano wa wakazi. Mara moja kwa miezi mitatu, nusu saa ya mkutano huo iachiwe wazee wa umudugudu waeleze mtaa ulivyokuwa, na kijana mmoja aandike. Tuanze na Muhima, Kimisagara na Gatsata, kwa sababu huko ndiko mabadiliko yanakuja kwa kasi.

Tatu, Inteko y'Umuco ifungue mlango kwa watafiti wasio na shahada. Daftari la mwalimu wa sekondari au la dereva mstaafu lipokewe, likaguliwe, na nakala yake iwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma, kwa mfano Maktaba ya Umma pale Kacyiru. Habari zipokewe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili pia, maana sehemu kubwa ya historia ya Nyabugogo ilisemwa kwa Kiswahili.

Nne, kituo kipya cha Nyabugogo kitakapojengwa, mchoraji atenge ukuta mmoja kwa ajili ya habari na picha za bonde hilo na watu wake. Wasafiri wanaongoja basi wana muda wa kusoma. Ukuta ambao ungejazwa matangazo ya simu unaweza kumweleza mtoto anayetoka kijijini kwamba mahali aliposimama pana wenyewe.

Nawaomba wasomaji wasisubiri agizo kutoka juu. Jumapili hii, mwenye mzazi au babu aliyeishi Kigali kabla ya 1994 akae naye, atoe zile picha sandukuni, na nyuma ya kila picha aandike kwa kalamu ya risasi: ni nani, ni wapi, ni lini. Tingatinga likifika halitauliza maswali hayo, na wanaoweza kuyajibu wanapungua kila wiki.